Sijambo ya Shangazi

Miongoni mwa maneno yote tunayoyatamka tangu kupambazuka hadi kuchwa, hakuna tulitoalo kwa wepesi zaidi, wala tulipimalo kwa uchache zaidi, kuliko jawabu la salamu. Maana mtu huulizwa hujambo, naye, hata awe amekesha usiku kucha akigeuka kitandani kama samaki juu ya makaa, hujibu sijambo, yaani sina jambo, hakuna lililonipata. Lugha yetu imelitia jawabu hilo ndani ya suali lenyewe, mfano wa mwenye nyumba amfunguliaye mgeni mlango akiwa amekwisha kumwekea kiti, hata aliyetaka kusimama hana budi kukikalia. Sisemi hivi kwa kuilaumu adabu, kwani adabu hiyo imetusitiri wengi; nasema kwa sababu shangazi yangu alinijibu sijambo kila asubuhi kwa muda wa miaka mitatu, nami nikamsadiki, ilhali mwilini mwake mlikuwa na jambo ambalo hapana mmoja wetu aliyelijua jina.

Shangazi alikuwa mdarizi wa kofia. Alikuwa akikaa barazani pake, Ng'ambo, mjini Unguja, mkeka chini na mto nyuma ya mgongo, akitoboa viua vya kofia nyeupe kimoja baada ya kimoja, vyote kwa kipimo kimoja, hata wanunuzi waliosifika kwa ubahili walikuwa wakinyamaza walipotajiwa bei. Bega lake la kulia lilipoanza kuuma hakuna aliyestaajabu, kwa kuwa bega la mdarizi ni kama kiuno cha mkulima na miguu ya tarishi, kiungo kilichokwisha kuwekewa rehani. Tuliita maumivu yale baridi yabisi, kama tuitavyo takriban kila maumivu ya kiungo cha mtu aliyepita makamo, na tukayatendea kwa jina tulilolipa: akachuliwa kwa mafuta ya karafuu, akakandwa kwa maji ya moto, akapigwa chuku, akameza vidonge vya rangi mbalimbali vilivyonunuliwa dukani bila ya hati ya tabibu; na kila dawa ilimpa nafuu ya siku mbili, kwa sababu mkono wa mtu anayekupenda, ukikuchua bega, lazima ukupe nafuu ya siku mbili.

Mwaka wa pili mnunuzi mmoja alirudisha kofia. Alisema kwa upole, kama mtu aombaye radhi kwa kosa la mwenziwe, kwamba viua vya upande mmoja vilianza vyema na vikaenda vikidogoka na kubanana, hata vile vya mwisho havikupitisha ncha ya sindano. Tulisema mkono umezeeka. Shangazi hakuwa amefika hata miaka sitini, lakini sisi, tuliokosa kuuliza, tuliona ni rahisi zaidi kuulaumu umri, ambao haujitetei.

Aliyetuzindua ni daktari kijana ambaye, kabla ya kuligusa lile bega, alimwomba shangazi atembee hadi dirishani na kurudi. Alitazama mkono wa kulia uliokuwa ukining'inia pasipo kupunga, na mguu wa kulia uliokuwa ukichelewa nyuma ya mwenziwe. Akamwambia agonganishe kidole gumba na kidole cha shahada upesi upesi, na vidole vikaanza kwa upana na kuishia kwa ufinyu, sawasawa na vile viua. Kisha akaukunja na kuukunjua mkono wake kifundoni, na mkono ukaja kwa vituo vituo, kama kamba ipitayo juu ya kapi lenye kutu. Ndipo alipotaja maradhi ya Parkinson, nasi tukatazamana, kwa kuwa wale wachache kati yetu waliopata kulisikia jina hilo walijua kuwa ni ugonjwa wa kutetemeka, na shangazi hakuwa akitetemeka hata chembe.

Katika jina hilo la kutetemeka ndimo tulimopotelea, wala si sisi peke yetu. James Parkinson, tabibu wa Hoxton mjini London, alipoandika risala yake mwaka 1817, aliyapa maradhi haya jina la kupooza kwa kutetemeka, na katika wagonjwa sita aliowaeleza wamo aliowaona njiani tu, wakipita. Yaani maradhi haya yaliingia katika vitabu vya Ulaya kwa mlango wa macho, kwa kile ambacho mpita njia aweza kukiona. Katika sharhi yake alisema kwamba hisi na akili hazidhuriki. Hata hivyo tabibu huyo huyo, alipopata kuzungumza na mgonjwa badala ya kumtazama tu, aliandika pia habari za maumivu ya mikono yaliyofanana na baridi yabisi. Lakini waliomfuata walikishika kile cha macho na kile cha masikio wakakiacha pembezoni kwa muda mrefu mno.

Nakumbuka, kama wakumbukavyo wote waliokuwa na televisheni au waliokuwa na jirani mwenye nayo, usiku ule wa mwaka 1996 mjini Atlanta, Muhammad Ali alipoushika mwenge wa michezo ya Olimpiki kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukimtetemeka mbele ya ulimwengu mzima. Huyu ndiye bondia aliyempiga George Foreman Kinshasa mwaka 1974, na maradhi haya yalikuwa yamekwisha kujulikana kwake tangu 1984. Watu walilia walipouona mkono ule. Sikumbuki mtu aliyeuliza kama ulikuwa ukimwuma.

Nayo maumivu, kwa hakika, si mgeni adimu katika maradhi haya. Waliouliza wamekuta kwamba aghalabu zaidi ya nusu ya wagonjwa wanayo, na kwamba kwa baadhi yao huanza kabla ya dalili nyingine zozote, hasa begani, hata mtu akazungushwa mwaka na zaidi akitibiwa bega lililokaza pasipo mtu kushuku kwamba bega ni kinywa tu na msemaji yumo ubongoni. Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo nyeusi, ambayo chembechembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Chembe hizo zinapokufa mwendo wa mtu huwa mzito, viungo hukakamaa, na kwa kuwa dopamini ina kazi pia katika kuyapima na kuyapunguza maumivu yanayopanda kutoka mwilini, yule aliyepungukiwa nayo hupata hasara mbili: misuli yake huzalisha maumivu zaidi, na lango la kuyazuia hulegea.

Sasa tazama jinsi maradhi haya yanavyomnyang'anya mtu mashahidi wake. Sisi huyatambua maumivu ya mwenzetu kwa wajihi: uso ukikunjamana, macho yakifumba, midomo ikibanwa, moyo wetu hujibu kabla ya akili. Lakini uso wa mwenye maradhi haya huganda. Misuli yake huwa mizito kama ile ya mikono na miguu, kope hupepesa kwa nadra, na mtu aliyeungua ndani huonekana kama aliyetulia, au aliyenuna, au asiyejali. Pili, sauti hufifia. Shangazi, ambaye zamani alikuwa akimwita muuza samaki kutoka mwanzo wa kichochoro, alifika mahali akawa anasema kama mtu anenaye siri, na katika nyumba yenye watoto, redio na pangaboi sauti hiyo haifiki. Tatu, na hili si la maradhi bali ni letu, mtu aliyelelewa pwani hufunzwa tangu utoto kwamba subira ni pambo la mja na kwamba kulalama mbele za watu ni upungufu, basi akiulizwa husema alhamdulillahi, neno zuri na la haki, lakini ambalo tabibu mwenye haraka huliandika katika cheti kwamba mgonjwa hana malalamiko. Uso umenyamaza, sauti imenyamaza, adabu imenyamazisha kilichobaki. Na sisi nyumbani tulikuwa tukimsifu kwa utulivu wake! Nikikumbuka sifa zile naona haya mpaka leo.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Kanuni aliyagawa maumivu katika namna kumi na tano, akitofautisha yachomayo na yadungayo, yabanayo na yavutayo, yenye uzito na yenye ganzi, kwa sababu alitambua kwamba namna ya maumivu ni dalili ya asili yake. Kiswahili nacho hakikuzaliwa maskini katika jambo hili. Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota au hukata, kidonda hutoneshwa, koo hukereketa, ubavu hushikwa na kichomi, mguu hufa ganzi kisha ganzi ikitoka hutambaa kama siafu. Na mwenye lugha hii angeweza, lau angepewa wasaa, kumchorea tabibu ramani kamili ya mwili wake. Lakini mbele ya meza ya daktari, na foleni ikisubiri mlangoni, utajiri wote huo hufilisika ukawa neno moja, naumwa, na daktari akauliza wapi, na mgonjwa akasema mwili mzima, na mazungumzo yakafa hapo.

Daktari wetu yule, tulipomrudia shangazi akiwa amekwisha kuanza dawa ya maradhi yale, hakukubali neno lile moja. Alimkalisha shangazi akamtoa kauli kwa subira, na ikadhihiri kwamba hakuwa na maumivu mamoja bali alikuwa na jamaa nzima ya maumivu, yasiyofanana kwa sura wala kwa tabia. Lile la bega na shingo lilikuwa la nyama na viungo, zito, la kuvuta, litokanalo na kukakamaa na kutotumia mkono. Alikuwa na mahangaiko ya miguu yaliyompata jioni, ambayo yeye mwenyewe hakuyaita maumivu bali alisema miguu yataka kwenda safari bila mimi. Tumbo lilimjaa na kumsokota, kwa kuwa maradhi haya huufanya hata utumbo uwe mvivu na choo kikafunga siku nne, tano, jambo ambalo aliona ni fedheha kulitaja mbele ya mwanamume. Goti lake la kushoto lilikuwa linauma kwa sababu lilikuwa goti bovu tangu alipoanguka ngazini, halina uhusiano wowote na ubongo. Nami nalitaja kusudi, maana mtu akisha kupewa jina la maradhi makubwa kila kinachomsibu hubandikwa jina hilo, na goti likakosa haki yake. Wapo wengine, shangazi hakuwa mmoja wao, waumwao na mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye uti wa mgongo, maumivu yashukayo kwa mstari hadi kidoleni; na wapo, wachache, waunguao mdomoni, kifuani au sehemu za siri bila ya jeraha lolote, maumivu yatokayo ubongoni kwenyewe, ambao aghalabu husemwa kwamba wanajitungia.

Lakini lililomwumiza kupita yote ni la mguu. Kila alfajiri, kabla ya adhana, vidole vya mguu wake wa kulia vilikuwa vikijikunja kwa ndani kama makucha, kidole gumba kikisimama peke yake kuelekea juu, na kifundo kikipinda ndani hata unyayo ukatazamana na mguu wa pili. Na misuli ya muundi ikakaza namna ile ambayo kila mtu aliyepata kushikwa na mkakamao usiku anaijua kwa dakika moja au mbili, ila yeye ilimshika kwa muda wa saa nzima, na siku nyingine zaidi. Hakupiga kelele. Alikuwa akishuka kitandani, akaukanyagia mguu sakafuni kwa nguvu zote akiegemea ukuta, akangoja. Mjukuu aliyelala chumba kimoja naye alidhani bibi anasali nafila.

Daktari aliposikia haya hakuuliza tena wapi. Aliuliza saa ngapi. Akatugeukia sisi tuliomleta akasema, "Nendeni mkamwulize saa. Kila akiumwa, andikeni saa, na kila akimeza dawa, andikeni saa. Baada ya wiki moja nirudishieni."

Ili suali hilo lieleweke sina budi kueleza habari ya dawa yenyewe. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowafanya wasijiweze hata kuinua masikio, kisha akawadunga levodopa, nao wakazindukana; mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz, mjini Vienna, akaonyesha kwamba bongo za watu waliokufa kwa maradhi haya zilikuwa zimepungukiwa na dopamini; na kufika mwaka 1967 George Cotzias, nchini Marekani, alikuwa amepata njia ya kuwanywesha wagonjwa levodopa kwa vipimo vinavyopanda pole pole hadi wakainuka na kutembea. Carlsson alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Tangu hapo levodopa, ikichanganywa na kabidopa ili isipotee njiani kabla ya kufika ubongoni, ndiyo nguzo ya matibabu, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini ni nguzo yenye ila moja: katika damu haidumu, baada ya saa moja na nusu hivi nusu yake imekwisha kuondoka. Mwanzoni mwa maradhi ubongo bado una ghala dogo la kuhifadhi, na mgonjwa haoni pengo. Miaka ikienda ghala hubomoka, na mtu akaishi kwa kile alichokimeza tu, mfano wa mchuuzi asiye na akiba alaye alichouza leo. Dawa ikipanda, hutembea na kucheka. Dawa ikishuka, hukakamaa. Na maumivu, au tuseme sehemu yake kubwa, hupanda na kushuka kinyume chake, kama maji kupwa na kujaa.

Tulichukua daftari alilokuwa akiandikia hesabu za kofia, kurasa zilizobaki tupu, na mjukuu akawa katibu, kwa kuwa hati ya shangazi nayo ilikuwa imedogoka hata haisomeki. Siku nane zilitosha. Dawa ilikuwa ikimezwa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, kwa ulinganifu ambao mwandishi wa cheti aliupenda; na daftari likaonyesha, kwa hati ya mtoto wa darasa la sita, kwamba mguu ulikakamaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri kila siku isipokuwa moja, kwamba bega na mgongo vilirudi kuuma kuanzia saa kumi alasiri, kwamba mahangaiko ya miguu yalikuja baada ya isha, na kwamba goti liliuma wakati wowote lilipotaka. Miaka mitatu ya sijambo ilikuwa imelala katika kurasa nne.

Yaliyofuata hayakuwa miujiza, na nitayapitia kwa ufupi. Dozi zilisogezwa zikawa nne badala ya tatu, na ile ya kulalia ikawa ya namna itokayo pole pole, ili mguu usipambazukiwe mtupu. Akaambiwa dawa itangulie chakula kwa nusu saa, kwa sababu protini ya samaki na maharagwe hugombania mlango mmoja na levodopa katika utumbo. Choo kikashughulikiwa kwa maji, matunda na dawa. Bega likapewa mazoezi ya kila siku badala ya chuku, na goti likapewa parasetamoli, kwa kuwa dawa zenye nguvu za jamii ya ibuprofeni, zikitumiwa na mzee kwa miezi, huweza kumharibia tumbo na figo. Kwa mguu usiosikia haya yote ipo sindano ya sumu ya botulini inayolegeza msuli, kwa mahali ilipo na kwa mwenye uwezo. Na huko London, mwaka 2015, matabibu walitangaza kipimo cha masuali kumi na manne kwa ajili ya maumivu ya maradhi haya peke yake, ambapo ukali wa kila maumivu huzidishwa kwa mara yanazotokea. Nilipokisoma nilifurahi, kwani naona katika hesabu hiyo ile hekima ya daktari wetu, kwamba maumivu hayapimwi kwa ukubwa tu bali kwa ratiba.

Hata hivyo njia ilikuwa na mashimo, na moja tulichimba wenyewe. Levodopa ilimletea shangazi kichefuchefu, na katika zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja kwani waliyatenda kwa nia njema, alipewa vidonge vya kuzuia kutapika, metoklopramidi, dawa ya kawaida kabisa katika nchi zetu. Kutapika kulikoma, baada ya siku tatu shangazi akawa gogo, na maumivu yaliyokuwa yamepungua yakarudi na ndugu zao. Dawa ile huiziba dopamini pale pale ubongoni ambapo levodopa inajitahidi kuiingiza, na haloperidoli, itumiwayo kwa wenye kuchanganyikiwa, hufanya vivyo hivyo. Wapo pia watumiao selegilini, ambao hawafai kabisa kupewa pethidini, wala tramadoli, kwa maumivu yoyote. Tangu siku ile mjukuu aliandika majina hayo nyuma ya daftari kwa wino mwekundu, na daftari likawa likienda na shangazi kila mahali kama hirizi.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Kila mtoto wa pwani anaujua upupu, maganda yake yenye manyoya yanayowasha hata mtu akatamani kuivua ngozi. Basi mwaka 1937 wanasayansi wa India walitangaza kuipata levodopa hiyo hiyo ndani ya mbegu za upupu. Mmea tuliokuwa tukitiana kwa uadui shuleni ulikuwa umebeba ndani yake dawa ya kulegeza mwili uliokakamaa. Simshauri mtu aende akachume, kwani mbegu moja haina kipimo sawa na nyingine, na aliye katika matibabu akijiongezea gizani huweza kujidhuru, lakini nilipomsimulia shangazi, alitazama kwa kitambo kirefu kisha akasema, kwa sauti yake ile ya siri, "Basi yule kaka yako aliyenitia upupu shingoni alikuwa akinitibu."

Ilipofika Ramadhani ikawa mtihani wa namna nyingine. Dozi nne kwa siku haziwezi kusubiri magharibi, na shangazi, aliyefunga tangu utoto wake, aliona kuacha ni kuvunjika kwa jambo kubwa kuliko mguu. Mwaka wa kwanza alifunga kwa siri, akawa anaziweka dozi za mchana chini ya mto. Na mwenye kulifuata daftari angeligundua jambo hilo bila ya kuambiwa, kwani saa za maumivu zilihama kwa ghafla na kuijaza alasiri yote. Shehe wa mtaa ndiye aliyekuja kukaa naye barazani akamkumbusha kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana ruhusa na atatoa fidya kwa kulisha maskini, na kwamba sala ya aliyekaa kitini, asiyeweza kupiga magoti wala kukunja mguu katika tahiyatu, haina upungufu. Shangazi alikubali fidya kwa shida na kiti kwa shida zaidi. Nadhani kilichomwuma hasa katika miezi ile hakikuwa na saa wala hakingeandikika daftarini. Ni ile huzuni ambayo pia ni sehemu ya maradhi haya, na ambayo maumivu huilisha nayo ikayalisha.

Shangazi alibahatika kuishi mjini, na kuwa na jamaa wa kumlipia vidonge mwezi baada ya mwezi. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba hadi nyumba katika jumuiya ya watu zaidi ya 161,000, na kutangaza matokeo yao mwaka 2008, waliwakuta watu 33 wenye maradhi haya, na walio wengi kati yao hawakuwa wamepata kuambiwa kamwe kwamba wanayo. Duniani kote Shirika la Afya lilikadiria mwaka 2019 kwamba wapo zaidi ya milioni 8.5. Mimi huwaza wale wa Hai zaidi kuliko wale mamilioni, kwa sababu naweza kuwaona: mzee aliyekaa mbele ya nyumba yake chini ya migomba, uso umetulia, mikono magotini, majirani wakipita na kumwamkia, naye akiwajibu.

Siku hizi nikienda Ng'ambo hufika mapema. Nampa shikamoo, naye hunipa marahaba. Kisha, mahali pa lile suali la zamani, huuliza saa, naye hunijibu kwa usahihi wa mlinzi wa zamu, leo saa kumi na moja kasorobo, robo saa tu, mguu umeniacha nikalala tena. Mwezi uliopita alinitazama nilipokuwa nikikaa mkekani, nikijishika kiuno kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono wa pili, akaniuliza, "Na wewe mwanangu, hujambo?" Nikamjibu, kabla sijafikiri, kwamba sijambo. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mabega ndiyo yaliyocheka, yote mawili, na lile la kulia likachelewa kidogo.